Kiasi cha bunduki: namna shabaha ya mwindaji ilivyopimwa, kutoka gobori hadi Lado

Katika vijiji vya Ituri, na hata katika kambi za watu waliokimbia makwao, mtu mzima akisikia mlio mmoja kutoka porini husikiliza kwanza kinachofuata. Gobori hulia mara moja, mlio mzito, halafu kimya cha dakika nzima au zaidi. Silaha ya vita haina kimya hicho. Mlio wa kwanza unasema kuna mtu anatafuta mboloko au nguruwe wa pori kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Mlio wa pili unasema mama afunge vitu na watoto washikwe mkono.

Kile kimya cha gobori ni kazi. Mwindaji amesimamisha bunduki, kitako chini. Anamimina baruti kutoka pembe au chupa ndogo, anaipima kwa kipande cha mwanzi au kifuniko ambacho hakibadilishi kamwe, anaiteremsha mtutuni. Juu yake anaweka nyuzi au kipande cha nguo, anashindilia kwa mdeki, halafu risasi, halafu anashindilia tena. Mwisho fataki. Mnyama aliyekoswa ameshaenda mbali.

Watu wa pwani walioingia Congo na misafara ya pembe katika karne ya 19 walikuwa na jina la ule mzigo wa mlio mmoja, baruti pamoja na risasi yake: waliuita kiasi cha bunduki. Jina hilo limo katika kamusi za zamani za Kiswahili. Leo neno kiasi limebaki na maana ya kipimo tu, na wachache wanakumbuka kwamba liliwahi kuwa jina la risasi iliyo tayari kupigwa. Hata neno risasi lenyewe lilikuwa kwanza jina la madini, yale madini laini na mazito yanayoyeyuka upesi juu ya moto. Wazee wa pwani walielewa jambo ambalo wapenzi wa shabaha wa Ulaya na Marekani walitumia miaka mingi kulithibitisha: bunduki haipigi vizuri kuliko kipimo kilichomo ndani yake.

Tuanze na sababu ya gobori kukosa. Ndani ya mtutu wake ni laini kama bomba la maji. Risasi ya duara lazima iwe ndogo kidogo kuliko tundu, la sivyo haitateremka, hasa baada ya milio miwili mitatu, kwa kuwa baruti nyeusi huacha masizi mengi. Kwa sababu ni ndogo, inapotoka hugongagonga kuta za mtutu, na ukuta uliogusa mwisho ndio unaoamua njia yake. Tena baruti ya dukani, iliyosafiri mwezi mzima kichwani mwa mbebaji na kunyeshewa mvua, haikuwa na nguvu sawa kutoka pipa moja hadi lingine. Mwindaji mwenye akili alijua hayo yote bila kufundishwa shuleni. Dawa yake ilikuwa kumkaribia mnyama. Kupiga kutoka hatua zaidi ya 50 au 60 kulikuwa kubahatisha, kwa hiyo alinyatia hadi akaona jicho. Wengine waliongeza baruti wakidhani watafika mbali, na baadhi yao walipoteza vidole au jicho, kwa kuwa mtutu wa chuma duni hauvumilii.

Kosa hilo la kuongeza baruti halikuwa la wanakijiji peke yao. Mwingereza Samuel Baker, aliyefika kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa mwezi wa 3 mwaka 1864 na kuliita Albert, alikuwa na bunduki moja kubwa aliyoipa jina la Mtoto. Ilirusha kombora la nusu ratili, karibu gramu 227, na kwa sababu ya baruti nyingi ilimzungusha mwenyewe kila alipoipiga. Baker alikiri kwamba aliiogopa. Tembo alikufa, ndiyo, lakini bunduki inayoogopwa na mwenyewe haina shabaha. Mtu hufumba macho kabla haijalia.

Kwa wakaaji wa nchi hii, hata hivyo, swali la kwanza halikuwa shabaha. Lilikuwa nani ana baruti. Kuanzia Katanga ya Msiri, mtawala wa Bunkeya, hadi Maniema ya Hamed bin Muhammad, yule anayejulikana kama Tippu Tip, pembe za tembo na watu waliokamatwa utumwani vilibadilishwa kwa bunduki na mapipa ya baruti. Baruti ilikuwa pesa. Mwezi wa 2 mwaka 1887, huko Zanzibar, Henry Morton Stanley, ambaye wenyeji walimwita Bula Matari, alifanya mkataba na Tippu Tip. Stanley alikuwa anakwenda kumwokoa Emin Pasha, mtawala wa jimbo la Equatoria, kaskazini mwa ziwa Albert, na mzigo mkubwa aliombebea ulikuwa risasi. Tippu Tip aahidi watu 600 wa kubeba, naye apate baruti.

Mkataba huo uliharibika. Tippu Tip alisema baruti aliyoahidiwa haikumfikia. Wazungu walisema watu hawakuja. Wakati wakubwa wanabishana, wabebaji walioachwa Yambuya, kwenye mto Aruwimi, walikufa kwa njaa na magonjwa, na mkuu wa kambi hiyo, Barttelot, aliuawa kwa bunduki mwezi wa 7 mwaka 1888. Stanley mwenyewe alikuwa amekata msitu wa Ituri na kukutana na Emin kando ya ziwa Albert tarehe 29 mwezi wa 4 mwaka huo. Vijiji vilivyokuwa njiani vilinyang'anywa chakula ili masasi yafike. Hakuna aliyehesabu vijiji hivyo.

Huko Ulaya, katika miaka hiyohiyo, bunduki yenyewe ilikuwa imegeuka. Mafundi walijua tangu zamani kwamba mtutu ukichongwa mifereji inayozunguka kama kamba kwenye shina la mti, risasi hutoka ikijizungusha, na kitu kinachojizungusha hunyooka angani kama pia ya watoto. Tatizo lilikuwa kuijaza. Risasi ililazimika kubana mifereji, na kuiteremsha kutoka mdomoni kulihitaji nyundo. Mwaka 1849 ofisa wa jeshi la Ufaransa, Claude-Étienne Minié, alileta risasi ndefu yenye shimo nyuma: inateremka kwa urahisi, lakini baruti ikiwaka inaitanua hadi ikamate mifereji. Baada yake likaja ganda la chuma, lenye baruti, risasi na fataki mahali pamoja, linaloingizwa kutoka nyuma. Kiasi cha bunduki kikawa kitu kimoja kinachoshikika, kilichopimwa kiwandani.

Hapa kuna jambo dogo lililokuwa na matokeo makubwa. Fataki ya ganda hilo ilitengenezwa kwa njia mbili, karibu mwaka mmoja. Ya Mmarekani Hiram Berdan ilipendwa na majeshi ya Ulaya. Ya Mwingereza Edward Boxer ilipendwa Marekani. Kila moja ilihamia nchi ya mwenzake. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, na fataki iliyokufa inasukumwa nje kwa sindano. Ganda la Berdan lina vitundu viwili vidogo pembeni, na kulifungua ni taabu. Kwa hiyo Mmarekani aliyepiga risasi aliokota ganda lake na kulijaza tena nyumbani. Askari wa Ulaya aliliacha chini.

Wawindaji wa nyati wa Marekani katika miaka ya 1870 walifanya hivyo kila usiku. Walinunua risasi za madini na baruti kwa uzito, waliyeyusha, walimimina katika kalibu, walijaza maganda ya jana kwa ajili ya kesho. Ilikuwa rahisi kuliko kununua, lakini waligundua faida ya pili. Risasi iliyojazwa na mtu mmoja, kwa mkono mmoja, kwa kipimo kimoja, kwa ajili ya bunduki moja, ilipiga mahali pamoja kuliko ile ya dukani. Mwaka 1884 John Barlow wa mji wa New Haven alianzisha kampuni iliyouza koleo dogo la kujazia risasi, linaloingia mfukoni, pamoja na kitabu cha maelezo. Mkulima yeyote mwenye dola chache aliweza kuwa fundi wa risasi zake.

Mwaka huohuo, huko Paris, Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi. Nguvu yake ilikuwa mara kadhaa ya ile nyeusi, masizi yake machache sana. Gobori likawa kitu cha kale kwa mtu wa Ulaya. Swali lililobaki lilikuwa nani mwingine atapewa kitu kipya.

Jibu liliandikwa Brussels. Wajumbe wa dola 17 walikaa kuanzia mwezi wa 11 mwaka 1889 hadi tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1890, wakiwemo wajumbe wa Dola Huru la Congo la mfalme Leopold wa pili, na wa Zanzibar. Kusudi lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na haikuwa uongo mtupu: Maniema na kandokando ya Lomami vijiji vilikuwa vimeteketezwa na watu wenye bunduki. Lakini soma masharti juu ya silaha. Katika nchi zote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, kutoka bahari ya magharibi hadi ya mashariki, kuingiza bunduki kulikatazwa, hasa zile zenye mifereji na zilizoboreshwa, pamoja na baruti na risasi zake. Silaha hizo zilikaa katika ghala za serkali, na zilitoka kwa ruhusa maalumu, kwa watu walioaminiwa. Kwa biashara ya kawaida na wenyeji, kilichoruhusiwa ni bunduki ya gumegume isiyo na mifereji, na ile baruti ya kawaida iliyoitwa baruti ya biashara.

Mstari huo haukuchorwa kati ya bunduki na mkuki. Ulichorwa ndani ya mtutu. Mwafrika aliruhusiwa kelele na moshi. Mifereji, yaani shabaha, ilibaki kwa mwenye ruhusa. Na pasipo ganda la chuma hakuna ganda la kuokota na kujaza. Kile kilichokuwa akiba ya mkulima wa Marekani kikawa kosa la jinai kwa mwindaji wa Uele. Wahunzi wa kikongomani waliendelea kutengeneza kwa kutazama: kitako kilichovunjika, chemchemi iliyolegea, mtutu uliopasuka na kufungwa kwa waya. Ujuzi ulikuwepo. Wengi wao waliyeyusha shaba na chuma tangu kwa mababu. Walichozuiliwa ni vifaa.

Askari wa Leopold, wa Force Publique, wao walibeba Albini, bunduki ya Ubelgiji yenye mifereji, ya risasi moja moja. Kila ganda lilikuwa na hesabu. Na hesabu hiyo ndiyo sehemu ya historia ya risasi ambayo vitabu vya wapenda bunduki huiruka.

Risasi ilitoka Ulaya kwa meli, ikapita Matadi, ikabebwa kichwani na watu wa Bas-Congo kabla ya reli kumalizika mwaka 1898. Ilikuwa na bei. Maofisa waliogopa askari wasizitumie ovyo kuwinda, au wasizifiche kwa ajili ya uasi. Kwa hiyo katika sehemu za mpira ilitolewa amri: kila risasi iliyotumika, mkono wa kuume wa mtu aliyeuawa uletwe kama ushahidi. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alizunguka mto Congo mwaka 1903 akiandika maneno ya wakaaji, na ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Ndani yake kuna habari kwamba askari walipopiga risasi kwa kuwinda mnyama, walikata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu itimie.

Nyama ya pori ililiwa jioni, na kesho yake mtu fulani akapoteza mkono kwa ajili ya ganda lile. Katika miaka hiyohiyo koleo la Barlow lilikuwa linauzwa kwa njia ya posta. Pande zote mbili za bahari risasi ilipimwa kwa uangalifu mkubwa.

Upande wa kaskazini-mashariki, kuna kipande cha nchi ambacho wakaaji wa Aru na Mahagi wanakijua ingawa jina lake limesahauliwa: Lado. Leo sehemu yake iko Uganda, mkoa wa Arua, sehemu iko Sudani Kusini, na ukanda wa Mahagi ulibaki Congo. Waingereza walimkodishia Leopold eneo hilo mwaka 1894, kwa muda wa maisha yake tu. Alipokufa mwezi wa 12 mwaka 1909, Wabelgiji walijiandaa kuondoka, na mwezi wa 6 mwaka 1910 eneo likapewa Sudani. Katika pengo hilo hapakuwa na mwenye nyumba. Wawindaji wa pembe waliingia kutoka kila upande.

Mmoja wao alikuwa Mskoti, Walter Dalrymple Maitland Bell, aliyezaliwa mwaka 1880. Hesabu yake ya maisha inapita tembo 1,000, na kwa kawaida hutajwa kwa kusifiwa. Kwa mtu wa hapa, idadi hiyo ni pengo porini. Lakini namna alivyopiga inafaa kuelezwa, kwa kuwa Bell aliacha njia ya Baker kabisa. Wenzake walibeba bunduki nzito za mitutu miwili. Yeye alipendelea Mauser ya milimita 7, iliyouzwa London kwa jina la Rigby .275, yenye risasi ndogo ya gramu 11 hivi. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, akajifunza kuulenga kutoka mbele, kutoka ubavuni, hata kutoka nyuma. Risasi ndogo, ndefu, iliyofunikwa chuma kigumu, ilikwenda moja kwa moja bila kupinda. Na bunduki isiyompiga bega haikumfundisha kufumba macho.

Bell hakujaza risasi zake mwenyewe. Ila aliwachagua waliojaza kwa ukali wa mtu ambaye uhai wake unategemea fataki. Alipokuja Afrika ya mashariki mara ya kwanza, kijana mdogo, alikuwa na bunduki ya risasi moja, na katika joto ganda lililopigwa lilikwama ndani, halikutoka. Baadaye alikuwa na bunduki nyingine ya Kiingereza, yenye shabaha nzuri, lakini risasi zake zilichelewa kuwaka: unabonyeza, kimya, halafu mlio. Mbele ya tembo dume, kuchelewa huko kunatosha kufa. Aliiacha. Za Mauser kutoka kiwanda cha Kijerumani ziliwaka kila mara, kwa namna ileile.

Joto lilikuwa adui wa wote. Baruti mpya isiyo na moshi huwaka kwa nguvu zaidi ikiwa imeachwa juani. Kiasi kilichopimwa Birmingham wakati wa baridi kiligeuka kingine kabisa mchana wa Rejaf. Viwanda vya Uingereza vilianza kuuza risasi zilizopunguzwa baruti kwa ajili ya nchi za joto. Hiyo nayo ilileta tatizo jingine. Bunduki ya mitutu miwili inaundwa kwa kupindisha mitutu kidogo ili yote miwili ipige pamoja kwa umbali fulani, na fundi huirekebisha kwa kiasi kimoja tu cha baruti. Badilisha kiasi, mtutu wa kulia unakwenda huku na wa kushoto kule. Tajiri aliyelipa pesa nyingi London aliweza kufika Lado na kukuta hajui bunduki yake inapiga wapi. Mwindaji wa gobori, aliyepima kwa kifuniko kimoja miaka 20, alikuwa na hakika zaidi, ndani ya hatua zake 50.

Sababu za haya yote zilichunguzwa na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Franklin Mann alisomea udaktari Marekani, akapata utajiri kwa kutengeneza mashine ya kusaga mifupa kwa chakula cha kuku. Pesa hizo alizimaliza kwa kupiga risasi. Alifunga mtutu juu ya nguzo nzito isiyotikisika, ili kosa la bega na la jicho liondoke, kisha akapanga karatasi nyembamba moja nyuma ya nyingine ili risasi izitoboe zote na kuonyesha njia yake. Mwaka 1909, mwaka ambao Leopold alikufa, alitoa kitabu cha majaribio yake. Alionyesha kwamba kosa kubwa linakaa katika risasi yenyewe: sehemu ya nyuma iliyopinda kidogo, uzito ulioegemea upande mmoja, kuingia mtutuni kwa mshazari. Kasoro ambayo jicho haioni inazunguka pamoja na risasi na kuitupa nje ya mstari.

Tangu hapo kazi ya kujaza risasi nyumbani, huko inakoruhusiwa, imekuwa kazi ya subira kuliko ya nguvu. Maganda yanatengwa yawe ya aina moja na yameshapigwa katika bunduki ileile, maana ganda likipigwa huchukua umbo la chumba chake. Baruti inawekwa kwenye mizani ndogo, inapimwa kwa greni. Greni 7,000 ndiyo ratili moja. Risasi inakaa kwa kina kilekile. Halafu mtu anapiga karatasi, milio mitano, na kupima umbali wa matundu yaliyoachana zaidi. Anabadilisha kitu kimoja tu, anapiga tena. Akibadilisha viwili kwa pamoja hatajua kipi kimesaidia. Na mara nyingi kiasi kinachokusanya matundu si kile kikubwa. Ni kile cha chini yake, ambacho mtutu unatikisika kwa namna ileile kila mara. Wanaoongeza ili waone mwisho uko wapi huuona: chuma hupasuka, sawasawa na gobori.

Katika Congo njia hiyo haikufunguka. Wabelgiji waliendelea kutoa ruhusa kwa kidole. Baada ya uhuru zilikuja sheria za nchi yenyewe: ile ya tarehe 28 mwezi wa 5 mwaka 1982 juu ya uwindaji, na ile ya tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka 1985 juu ya silaha na risasi. Zote zinadai ruhusa. Mwanakijiji anayetaka kuzifuata hutembea siku kadhaa hadi ofisi ya teritware. Wenye kundi na kamanda hawakutembea. Mstari wa Brussels uligeuka kichwa chini: silaha zenye shabaha zikawa nyingi kuliko magobori, na waliozishika hawakuhesabiwa ganda hata moja.

Mwezi wa 3 mwaka 2012, katika mbuga ya Garamba, Haut-Uele, si mbali sana na ile Lado ya Bell, walinzi walikuta tembo 22 wamekufa, madume, majike na watoto. Pembe zilikuwa zimekatwa. Nyama ilikuwa imeachwa. Baadhi ya matundu ya risasi yalikuwa juu ya kichwa, utosini, mahali ambapo mtu aliyesimama ardhini hawezi kupafikia. Helikopta ilishukiwa. Wanaojua uwindaji walielewa mara moja: yeyote aliyepiga alikuwa na chombo thabiti, risasi nyingi zinazofanana, na muda wa kutosha. Katika vijiji vilivyo karibu na mbuga, mtu aliyekutwa na gobori mwezi huo bado alilazimika kuonyesha karatasi yake.